Usiku wa Tano

Mama yangu alipiga pasi mashuka ya hoteli ile kwa miaka kumi na mmoja na hakuwahi kulalia hata moja. Nalisema mapema ili usije ukadhani hii ni habari ya watu wapenda anasa. Chumba cha kufulia kilikuwa chini ya ardhi, hakina dirisha, na wafanyakazi wa huko walikuwa na mlango wao, ngazi zao na lifti yao, ile ya mizigo. Kupanda ghorofa za wageni ilikuwa marufuku. Mashuka yalikwenda juu bila yeye na kurudi bila yeye.

Ndani ya lifti hiyo ndimo alimokutana na Baba, kama kule nako ni kukutana. Ilikwama kati ya ghorofa mbili za chini, zile za wafanyakazi, Mama akiwa peke yake na toroli la mashuka. Baba, wakati huo fundi kijana wa lifti, alitumwa kumtoa, na kazi ikamchukua saa mbili. Muda wote alikuwa upande wa pili wa mlango akirudia maneno yaleyale: kaa chini, usiguse chochote, mimi nipo hapa. Mama alipotoka alimwambia amechoka kusikia sauti yake. Miezi minane baadaye wakaoana. Kila alipokisimulia kisa hicho Mama alitia chumvi kidogo, saa mbili zikawa tatu, tatu zikawa tano, na Baba akawa anatikisa kichwa kwa sababu yeye muda wa kazi huuandika.

Siku ya harusi Baba aliahidi mbele ya watu kwamba iko siku atamlaza juu, kwenye mashuka yale yale, yakiwa yamepigwa pasi na mtu mwingine. Watu walicheka. Baba hakucheka, maana mzee wangu ahadi kwake si maneno ya kunogesha sherehe.

Kampuni yake ya lifti ilimtuma mji huu na mji ule, na wenye hoteli ile walikuwa na vihoteli vyao vya bei nafuu kila penye stendi na kiwanda. Baba alijiandikisha kwenye mpango wao wa wageni wa kudumu, akapewa kadi, na kila usiku aliolala kazini pointi zikawa zinaingia. Kwa miaka kumi na tisa hakulala kwingine. Rafiki zake wenye nyumba nzuri walimkaribisha, akakataa, akaenda kulala kwenye chumba ambacho bomba linatoa maji kwa kukohoa. Na pointi zenyewe hakuzigusa. Nilipomaliza masomo nilimwomba usiku mmoja tu mimi na wenzangu tukasherehekee, akanitazama kama nimemwomba figo.

Ndani ya mlango wa kabati la nguo alikuwa amebandika jedwali la tuzo, lile lililoonyesha kila hoteli iko daraja gani na usiku mmoja ni pointi ngapi. Hoteli ya Mama ilikuwa daraja la sita, pointi elfu hamsini. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, paliandikwa kwamba ukichukua siku nne, usiku wa tano ni bure. Mstari huo Baba alikuwa ameupigia kalamu nyekundu. Laki mbili, siku tano. Alipenda kusema kwamba siku nne ni za jasho lake, ila ule wa tano ni zawadi, na huo ndio wa Mama hasa.

Mimi nafanya kazi ya kupokea simu za mpango huohuo. Baba alipopata habari kwamba nimeajiriwa alivaa koti akaenda kuwaambia majirani, akidhani nimeingia ndani ya hoteli. Ukweli ni kwamba tumeajiriwa na kampuni nyingine ya kukodisha wafanyakazi, tunakaa kwenye jengo la ofisi juu ya duka la matairi, na punguzo la wafanyakazi wa hoteli tunalisikia tu kwa wageni wanaolalamika. Nina hedifoni, skrini, na sentensi zilizoandikwa tayari za kusoma. Mshahara si wa kujisifia, lakini ndio ulioanza kutulisha Baba alipokaribia kustaafu, na baadaye ndio uliomlipa dada wa kukaa na Mama mchana.

Kwa sababu Mama alianza kusahau. Mwanzo ilikuwa pasi iliyoachwa kwenye moto na chumvi iliyotiwa mara mbili, tukamtania. Kisha akaanza kumuulizia mama yake mdogo aliyefariki mimi nikiwa shule ya msingi, tukaacha kutania. Daktari alituambia kwa upole kwamba ugonjwa huu hauna haraka lakini haurudi nyuma, na kama kuna safari au jambo tulilopanga naye, tulifanye mapema wakati bado anajua yuko wapi.

Wakati huo Baba alikuwa na pointi laki moja na themanini na nane elfu. Zilibaki elfu kumi na mbili. Alikuwa na kazi moja ya mwisho kabla ya kustaafu, wiki tatu kwenye mji wa mbali, kubadilisha nyaya za lifti za hospitali, na kazi hiyo ingezijaza. Ilikuwa ianze baada ya miezi miwili. Akaamua: atakwenda, atarudi, atampeleka mkewe siku tano. Mama alifurahi sana. Alimuuliza kila siku wanaondoka lini, na kila siku Baba alimjibu kama vile swali ni jipya.

Wiki moja baadaye tuliitwa kwenye mafunzo. Simu zetu zilikusanywa kwenye kikapu mlangoni, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Msimamizi wetu, mwanamke mwenye sauti ya kubembeleza hata anapokukata mshahara, alituonyesha mfumo mpya. Kuanzia tarehe mosi ya mwezi ujao jedwali halitakuwepo. Hakutakuwa na madaraja. Kila chumba kitakuwa na bei yake ya pointi kila siku, itakayopanda na kushuka kufuatana na wageni. Na usiku wa tano wa bure umefutwa. Mmoja wetu aliuliza watu waliokusanya kwa kufuata jedwali itakuwaje, akajibiwa kwamba neno la kutumia ni "uhuru zaidi wa kuchagua."

Kwenye mfumo wa majaribio nilitafuta hoteli ya Mama. Usiku mmoja, laki moja na sabini elfu. Nikatafuta wiki nyingine, laki moja na hamsini na tano. Miaka kumi na tisa ya bomba linalokohoa, na ilikuwa imebaki usiku mmoja.

Kisha tukatia sahihi. Karatasi ilisema atakayetoa habari kabla ya kutangazwa ataachishwa kazi siku hiyohiyo, na kwamba simu zote zinarekodiwa. Nilisaini kama wenzangu.

Jioni hiyo nilimkuta Baba anapaka mafuta kwenye bawaba za kabati. Nilimwambia achukue siku tatu sasa, zile anazoweza kuzilipia, asingoje kazi ya mwisho. Akauliza kwa nini. Nikasema achukue tu. Akauliza kama kuna jambo. Nilimwambia Mama hali yake si ya kungojea, jambo ambalo lilikuwa kweli, na nilimwambia hayo ili nisiseme lile jingine.

"Imeandikwa wapi kwamba nichukue sasa?" akauliza.

"Baba, si kila kitu huandikwa."

"Kwangu mimi huandikwa."

Hapo lazima nieleze, maana ukimwona juujuu utasema mzee ana kichwa kigumu. Baba alipokuwa mwanafunzi wa ufundi, mwenzake aliingia kwenye shimo la lifti kwa kuwa kaka yake mwenyewe, aliyekuwa fundi pamoja naye, alimwambia umeme umekatwa. Umeme haukuwa umekatwa. Tangu siku hiyo Baba haingii shimoni kwa neno la mtu, hasa mtu wake wa karibu, kwa kuwa kwa mtu wa karibu huoni sababu ya kuuliza mara mbili. Hata akiiona swichi imeshushwa kwa macho yake, hupiga simu chumba cha umeme, huuliza, na huandika kwenye daftari jina la aliyejibu na saa aliyojibu. Kwa mtindo huo amemaliza miaka arobaini na vidole vyake kumi vyote.

Basi akafanya vilevile. Nilikuwa kazini siku ya pili yake, saa nne asubuhi, nikimsikiliza mama mmoja akiulizia kifungua kinywa cha watoto. Kiti cha kushoto kwangu anakaa kijana tuliyempa jina la Redio, kwa kuwa hazimiki. Kanuni yetu inataka urudie swali la mteja kabla ya kulijibu, na Redio, pamoja na makelele yake, ni mtu wa kanuni.

"Nikikuelewa vizuri, mzee," nilimsikia akisema, "unataka kuthibitisha kwamba jedwali la tuzo litabaki kama lilivyo. Na unataka nikuambie imeandikwa wapi."

Nilijua. Sikuhitaji kusikia jina. Nikamwomba mama wa watoto arudie swali lake.

Redio alikohoa kidogo. Akaitazama sentensi yake kwenye skrini, ile tuliyopewa wote, akaisoma neno kwa neno: kwa sasa hakuna mabadiliko yoyote yaliyotangazwa. Halafu akataja namba yake ya kazi, polepole, tarakimu moja moja, na nikajua upande wa pili kuna kalamu inaandika.

Waya wa hedifoni yake ulikuwa mezani, karibu na kikombe changu. Ningenyoosha mkono ningeuchomoa. Ningeweza kusimama, kuchukua simu ile, kusema Baba ni mimi, jedwali linafutwa, chukua leo. Msimamizi alikuwa kwenye chumba chake cha vioo akila karanga. Nilimfikiria dada anayekaa na Mama, nikafikiria dawa, nikafikiria kodi ya nyumba, na sitalipamba jambo hili: niliogopa. Nilimwambia mama wa watoto kwamba watoto wawili wa chini ya miaka mitano wanakula bure.

"Mzee mstaarabu sana yule," Redio aliniambia akishakata simu. "Eti ameniuliza kama nimekula." Akavua hedifoni, akainama kimya dakika nzima, kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

Jioni Baba alinionyesha daftari. Tarehe, saa, namba ya aliyejibu, na neno moja: Nimethibitisha. Hakuwa ananikejeli. Alikuwa ametulia, kama mtu aliyeondolewa mzigo, na akaniambia kijana wetu wa simu ana adabu. Nilimwambia ndiyo, ana adabu. Nikaenda jikoni nikaosha vyombo vilivyokuwa vimeshaoshwa.

Ungeniuliza kwa nini sikumwambia usiku ule, nyumbani, ambako hakuna kinachorekodiwa. Nimejiuliza mara nyingi kuliko utakavyoniuliza wewe. Nilijua angepiga simu tena kuthibitisha, na safari hii angesema nimeambiwa na binti yangu. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Nyuma yake kuna nyingine ndogo na chafu zaidi: nilijipa moyo kwamba huenda wataahirisha.

Hawakuahirisha. Tarehe mosi jedwali lilitoweka kwenye mtandao kana kwamba halikuwahi kuwepo. Tulipokea simu mpaka sauti zikakauka. Wateja walitukana, wengine walilia, na sisi tukawasomea habari ya uhuru zaidi wa kuchagua. Niliporudi nyumbani Baba alikuwa ameketi kitandani, mlango wa kabati uko wazi, jedwali lake bado limebandikwa mahali pake. Simu ilikuwa mkononi mwake. Mama alikuwa pembeni yake akikunja fulana moja, anaikunjua, anaikunja tena.

"Mwanangu, ulikuwa unajua?" akauliza.

"Nilikuwa najua."

"Na siku ile nilipopiga?"

"Nilikuwa kiti cha pili, Baba. Nilisikia yote."

Nilitarajia afoke. Ningeshukuru angefoka. Aliangalia viatu vyake.

"Mimi nikijua lifti ni mbovu, natundika kibao mlangoni," alisema. "Siwaambii watu leo pandeni ngazi tu."

Akafunga kabati. Hakulirudia tena neno hilo, wala hakuninunia, na kila siku niliporudi kazini aliendelea kuniuliza kama nimekula. Mimi ndiye niliyeshindwa kumtazama machoni.

Akaenda kwenye kazi yake ya mwisho, akarudi na pointi zake laki mbili kamili. Na hapo akafanya kosa ambalo nalo ni lake peke yake. Fundi aliyemo ndani yake alikataa kuamini kwamba namba inaweza kupanda na kushuka bila sababu. Akasema kila mashine ina mzunguko wake. Ukiitazama muda wa kutosha utaujua. Kila asubuhi, kabla ya chai, akawa anafungua ukurasa wa hoteli na kuandika namba ya siku kwenye daftari. Laki moja na sitini. Laki moja na arobaini na tano. Laki moja na tisini. Alitaka ishuke mpaka laki moja, walau wapate siku mbili, kwa sababu usiku mmoja kwa mtu aliyeahidiwa tano aliona ni matusi. Siku moja ilifika laki moja na kumi, akaniamsha, tukaitazama pamoja kama watu wanaotazama chungu kinachokaribia kuchemka. Kesho yake ikaruka hadi laki moja na themanini.

Nilimsihi achukue usiku mmoja, wowote, basi. Akasema kidogo tu, ameanza kuielewa. Hapakuwa na cha kuelewa, na mimi niliyekaa ndani ya mashine hiyo nilikuwa najua hivyo. Ila neno langu kwake lilikuwa limekwisha nguvu, na niliyelimaliza ni mimi.

Miezi saba ilipita hivyo, na Mama hakutungoja. Mwezi wa pili alikuwa bado anasimulia kisa cha lifti, ingawa aliyekuwa nje ya mlango wakati mwingine alikuwa Baba na wakati mwingine kaka yake. Mwezi wa nne aliacha kuuliza wanaondoka lini. Mwezi wa saba aliniita Dada, kwa heshima, kama mtu anavyomwita mfanyakazi mwenzake asiyemfahamu, na akaniuliza kama na mimi nimepangiwa zamu ya asubuhi. Baba alikuwa mezani na daftari lake. Aliinua kichwa akatutazama, kisha akalifunga.

Siku hiyohiyo alichukua usiku mmoja, kwa laki moja na tisini na sita elfu. Chumba cha kawaida, ghorofa ya tatu, upande wa nyuma, ule unaotazama bomba la mvuke la chumba cha kufulia. Vyumba vya juu kabisa, ghorofa ya kumi na nne, bei yake ilikuwa haishikiki. Alinyoa ndevu zake mbele ya kioo kwa nusu saa, akavaa suti aliyoshona kwa ajili ya harusi ya binamu yangu, akamvalisha Mama gauni lake la bluu. Niliwapeleka kwa teksi saa tisa alasiri. Mapokezini Baba alitoa kadi yake ya miaka kumi na tisa, imefifia hadi jina halisomeki, na msichana wa pale akamkaribisha bila kuitazama. Niliwaacha kwenye mlango wa lifti ya wageni. Mama alikuwa ameshika mkono wa Baba kwa mikono yake yote miwili na alikuwa akitabasamu, na niliondoka nikijiambia labda, labda.

Nilirudi kuwachukua asubuhi yake, saa mbili na nusu. Baba alinifungulia akiwa na soksi. Shati lake lilikuwa limejikunja upande mmoja, na shavuni alikuwa na alama za zulia. Nyuma yake kitanda kilikuwa kitupu, godoro uchi. Mashuka yalikuwa juu ya kiti, yamekunjwa mara nne, kingo zimekutana sawasawa, na foronya juu yake. Mama alikuwa amekunja mikono ya gauni la bluu na anapangusa meza.

Baba alinivuta kwenye korido akanieleza kwa sauti ya chini. Jioni ilikwenda vizuri. Walikula, Mama akashika mapazia, akafungua na kufunga bomba mara nyingi. Wakati wa kulala Baba alimfunulia kitanda. Mama akapitisha mgongo wa kiganja juu ya shuka, kama anayepima joto la pasi, akasema aliyelinyoosha anaijua kazi. Kisha Baba akamwambia apande alale, na hapo uso ukambadilika. Akasema hapana, wakitukuta tutafukuzwa. Baba alimwonyesha kadi, alimwonyesha ufunguo, alimwonyesha karatasi yenye majina yao. Mama alianza kulia na kumwomba asipaze sauti. Akalala chini, kwenye zulia, kando ya kitanda. Hata mto aliukataa, akasema ni wa mgeni. Baba alikunja koti la suti akamwekea kichwani, akazima taa, akalala chini pembeni yake.

"Kitanda hakikulaliwa," alisema Baba. "Saa kumi na moja alfajiri akaamka, akaanza kazi."

Nililia pale koridoni, nimeziba mdomo kwa kanga yangu. Baba hakulia. Alikuwa anatazama sehemu fulani ya ukuta kama anayetafuta ufa.

Tuliporudi ndani Mama aliniona akanikaribia. Aliniuliza, "Dada, mgeni wa humu ameshatoka?"

"Ameshatoka, Mama."

"Hakulala huyo." Akanifunulia pembe ya shuka nione. "Tazama, halina hata mkunjo. Sijui walimfanya nini."

Alibeba mashuka kifuani akatoka nayo, na hakugeukia lifti ya wageni. Miguu yake ilikwenda yenyewe hadi mwisho wa korido, kwenye mlango wa chuma wa lifti ya mizigo, kana kwamba amewahi kuipita njia ile. Msafishaji mmoja wa vyumba alikuwa hapo na toroli lake. Alitazama gauni, akatazama mashuka yalivyokunjwa, akalisogeza toroli ukutani apishe. Baba akamfuata Mama ndani.

Mama alipoona kuta za chuma zimemzunguka alishtuka. Alirudi nyuma hadi kwenye kona, akayakumbatia mashuka, macho yakaanza kutafuta pa kutokea. Mimi nilikuwa bado nje, mguu mmoja mbele.

"Kaa chini," Baba alimwambia. "Usiguse chochote. Mimi nipo hapa."

Akakaa. Akakaa juu ya mashuka yenyewe, taratibu, akayalalia ubavu, na akaweka shavu lake juu ya foronya. Baba alishuka chini kwa shida ya magoti yake akakaa karibu naye.

"Itachukua muda gani?" Mama akauliza.

"Saa mbili," Baba akasema, na hakubonyeza kitufe chochote.

Mlango ulijifunga wenyewe, nikabaki nje. Taa ya juu ya mlango ilisimama kwenye tatu na haikusogea. Saa nne ilikuwa mwisho wa kukaa chumbani, na zamu yangu ilianza saa tano. Msafishaji akaniuliza kama lifti imeharibika. Nilimwambia ndiyo, imeharibika, nikamwomba karatasi na kalamu, nikaandika HAITUMIKI kwa herufi kubwa, nikaibandika mlangoni.